Mashimo ya Kasanza

Habari haikumpita Mama Léonie bila kujibiwa. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na cherehani yake ilikaa barazani kwenye nyumba ya kupanga huko mlimani, juu ya njia ya reli. Nyumba yake mwenyewe, ile aliyoijenga na mumewe Edmond tofali kwa tofali, ilikuwa imekwenda na ziwa. Maji yalipopanda yakaingia mitaa ya chini ya Kalemie, yalianza na ukuta wa jiko, yakahamia sebuleni, na mwisho likabaki bati limelala juu ya maji kama mkeka. Tangu hapo Mama Léonie alishona mlimani, redio ikining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake. Mtangazaji akisema, naye anasema.

Walipotangaza kwamba huko Ulaya magari yote yatakuwa ya umeme ili kuokoa hewa ya dunia, alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Na ile betri itatoka wapi? Itatoka kwetu Manono, kwenye madini ya lithiamu. Wao watapata hewa safi, sisi tutapata shimo. Na taa hatuna."

Waliposema kuna simu mpya inayoandika barua yenyewe, alisema barua isiyoandikwa na muntu haina wa kuulizwa. Na mgombea mmoja alipoahidi kwa mara ya tatu kutengeneza barabara ya Nyunzu, Mama Léonie alimjibu kana kwamba amesimama pale barazani: "Papa, ile barabara yako sasa imefikisha umri wa kuoa." Wateja walicheka mpaka vitambaa vikawaponyoka. Wengine walileta shati lililochanika kidole kimoja tu, ili wapate sababu ya kukaa.

Kuhusu ziwa alikuwa na neno moja lisilobadilika. Ziwa linapanda kwa sababu mdomo wa Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa na kuyapeleka Lualaba, umezibwa na mchanga na matete, na wakubwa hawataki kuuzibua. Mambo ya hali ya hewa aliyaita kisingizio. "Zamani aliyeshindwa kazi alisema ni uchawi," alisema. "Leo anasema ni klima."

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, Jean-Luc, mtangazaji wa redio ya mji, alisoma habari iliyowafanya watu wa mtaa mzima watoke nje. Shirika moja la msaada, pamoja na serikali, lilikuwa limepata mahali pa kuwahamishia waliopoteza nyumba zao. Ramani ilikuwa imechorwa kwa setilaiti. Familia mia mbili na kumi na mbili zingepewa parseli, kiwanja cha kujenga kwa kila familia, bure, pahali panapoitwa Kasanza, na ujenzi ungeanza kabla ya mvua. Majina yakasomwa. La Edmond na Léonie lilikuwa la thelathini na nane.

Vigelegele vilipanda mlima. Edmond, mfanyakazi wa reli aliyezoea kupima maneno kama chumvi, alivua kofia akaiweka gotini, na macho yake yakawa na maji. Mama Léonie peke yake hakupiga kigelegele. Alikata uzi kwa meno, akazima redio, na hilo ndilo lililomtia Edmond wasiwasi.

"Nini tena?" aliuliza.

"Kasanza njo kule tulikuwa tunaloweka muhogo," alisema Léonie. "Miye na mama yangu. Kiangazi kikali, visima vimekauka, tunachimba shimo la magoti, linajaa lenyewe. Usiku mmoja tu. Hatukuchota maji hata siku moja."

"Ni miaka arobaini sasa."

"Maji hayazeeki, Edmond."

Mchana alipiga simu kwenye kipindi cha Jean-Luc, ambamo wasikilizaji hutoa maoni. Jean-Luc alimjua, na kwa kawaida alimpa dakika moja kisha akaweka muziki. Siku ile alisahau muziki. Mama Léonie alisema mbele ya mji wote kwamba setilaiti inaona kichwa cha ardhi lakini haioni tumbo lake, na kwamba kuwahamishia Kasanza watu waliokimbia maji ni kuwatoa kwenye sahani na kuwatia kwenye sufuria. Akaomba jambo moja: pachimbwe kwanza, palepale, mbele ya watu.

Kabla jua halijazama, mtaa ulikuwa umemgeuka. Mwanamke aliyeacha kitambaa cha harusi alikuja kukichukua bila salamu. Papa Onésime, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, aliyekuwa akilala na wajukuu saba katika chumba kimoja tangu mafuriko, alipanda mpaka barazani akiegemea fimbo. Hakukaa.

"Mama Léonie, tunakuheshimu," alisema. "Lakini hawa watu wa msaada wakisikia kelele, wanakunja ramani yao wanaipeleka Moba. Halafu sisi tutabaki na maneno yako. Maneno yako yana bati?"

"Papa Onésime, hata miye niko kwenye ile liste. Namba thelathini na nane. Unafikiri sitaki nyumba?"

"Basi nyamaza upewe."

Alishuka taratibu. Mama Léonie alijaribu kurudi kwenye kazi, akashona mkono wa blauzi ndani nje, akaufumua. Usemi wake ulikuwa umemgharimu mambo madogo maishani, lakini hili lilikuwa na watoto ndani yake. Je, kama Edmond ndiye aliyesema kweli? Kama pale palikuwa pamekauka?

Siku ya tatu gari la shirika lilisimama chini ya mlima. Akatoka dada mmoja wa miaka kama thelathini, viatu vimejaa vumbi, tableti kwapani. Aliitwa Précieuse, enjeniere, mhandisi wa shirika kutoka Lubumbashi, na ndiye aliyechora ile ramani.

"Mama, nimekusikia redioni," alisema. "Nimekuja unieleze."

Mama Léonie alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye hasira. Kwa huyu aliyekuja kuuliza hakuwa amejiandaa. Alimpa kiti, akamweleza habari za muhogo, shimo kwa shimo. Précieuse aliandika. Kisha akafungua tableti akamwonyesha ziwa lilivyoonekana kutoka juu, mwaka baada ya mwaka, ukingo wa maji ukisogea kama mtu anayevuta shuka usingizini. Halafu akamwonyesha mvua: Burundi, Kigoma, Uvira, pande zote za ziwa, miaka ile ile.

"Lukuga imeziba, hapo una haki," alisema Précieuse. "Lakini tazama Bujumbura, tazama Kigoma. Nao wamehama. Mvua iliyonyesha ilizidi kabisa. Hata mdomo ungekuwa wazi, maji yangepanda."

Mama Léonie alitazama picha zile kwa muda mrefu. Alizirudisha nyuma kwa kidole, akaziangalia upya.

"Basi nusu nilikosa," alisema mwishowe. "Nusu yangu ninakupa. Sasa na wewe twende Kasanza, tuone nusu yako."

Walikwenda Jumamosi asubuhi, na mji ukawafuata. Habari ilikuwa imeenea, na wengi walikuja kumwona Mama Léonie akiaibika. Kasanza ilikuwa uwanda mpana wa majani makavu, umelala kando ya barabara, mzuri wa kutamanisha. Vijiti vyenye utepe mwekundu vilishaonyesha mahali pa kila parseli. Wachimbaji wawili wa shirika walianza karibu na barabara, pale ambapo udongo ulikuwa umepimwa mara ya kwanza. Walifika mita moja. Mchanga mkavu, mwekundu. Walifika mita moja na nusu. Mkavu.

Kicheko kikaanzia nyuma. "Muhogo ulilowa kwa machozi yenu," mtu mmoja alisema. Papa Onésime aliinamisha kichwa, na haikujulikana kama ni kwa furaha au kwa huruma.

Mama Léonie alivua viatu. Alitembea peke yake kuelekea katikati ya uwanda, hatua mia na zaidi, akiisikiliza ardhi kwa nyayo, mpaka akafika mahali majani yalipokuwa na ukijani kidogo chini kwenye mizizi. Hapo akasimama.

"Hapa," aliita. "Pale barabarani njo mgongo wa ardhi. Hapa njo tumbo."

Wakachimba. Jembe la tano lilitoa udongo mweusi. Kwenye sentimita sabini udongo ulinata kwenye jembe na kukataa kutoka. Mchimbaji aliruka nje ghafla akitazama miguu yake, kwa maana ilikuwa imelowa. Watu wakasogea. Maji yalitokea pembeni mwa shimo, polepole, bila sauti, yakaungana katikati, yakaanza kupanda. Hakuna aliyecheka sasa. Baada ya saa moja Mama Léonie alitoa shingoni tepu yake ya kushonea, akampa Précieuse ncha moja, wakapima pamoja. Kutoka majani ya juu mpaka uso wa maji: sentimita arobaini na moja. Na ulikuwa mwezi wa nane, mvua ya mwisho ilikuwa imesahaulika.

Précieuse hakutafuta maneno ya kujifichia. Aliamuru mashimo mengine manne, kila upande wa vile vijiti vyenye utepe, mbali na barabara. Yote manne yalitoa maji. Akapiga picha, akaandika, kisha akageukia watu.

"Tulipima pale gari liliposimama," alisema. "Tungewajengea juu ya maji. Mama huyu ametuzuia."

Aliyefuata kusema alikuwa Papa Onésime, na kila mtu alimgeukia. "Swali ni moja tu," alisema. "Sasa tutakwenda wapi?"

Swali hilo lilichukua wiki sita. Kwenye biro ya komine, ofisi ya utawala wa mji, mkubwa mmoja alisema karatasi zimeandikwa Kasanza na haziwezi kubadilishwa. Mama Léonie alisimama akamuuliza kama karatasi ndiyo itakayolala kule na watoto. Précieuse alileta ramani mpya, na safari hii kabla ya kuichora alikuwa ametembea kwa miguu na wazee, wavuvi na wanawake wa mashamba. Onésime alileta sahihi za wakuu wa familia zote mia mbili na kumi na mbili, pamoja na ya yule mwanamke wa kitambaa cha harusi. Pahali papya palikuwa mlima wa udongo mgumu upande wa barabara ya Nyunzu, mbali kidogo na bandari, na kila shimo lililochimbwa pale lilitoa vumbi tu. Mwisho wa mwezi wa tisa mkubwa yule alitia mhuri.

Walijenga kwa haraka, wanaume na wanawake, mvua ikinguruma kwa mbali upande wa Marungu. Krismasi iliwakuta ndani. Na siku mbili baadaye mvua ilishuka kama iliyotumwa, usiku na mchana, siku nne. Ilipotulia, watu wa mlimani walitoka milangoni na kutazama uwanda ulioko chini. Kasanza haikuwepo. Palikuwa na bwawa jeupe, pana, nyangenyange wakitembea juu ya kingo zake, na ncha za vijiti vyenye utepe mwekundu zikichungulia majini. Wanawake walianza kuhesabu kwa sauti parseli zao zilizozama, moja baada ya nyingine, na walipofika thelathini na nane vigelegele vilipasuka. Mlima mzima uliitika. Papa Onésime alipita matopeni bila fimbo, akamshika Mama Léonie mikono yote miwili.

"Niliuliza kama maneno yako yana bati," alisema. "Wajukuu wangu saba wamelala pakavu."

Mwezi wa kwanza Jean-Luc alimpa Mama Léonie nusu saa ya kwake kila Jumamosi mchana, kujibu habari za wiki. Alikwenda studioni amevaa kitenge alichokishona mwenyewe, Edmond kando yake, kofia gotini. Jean-Luc alitarajia aanze na Kasanza. Hakuanza na Kasanza.

"Kwanza ninajisahihisha," alisema kwenye maikrofoni, sauti imara. "Nilikuwa ninawaambia klima ni kisingizio. Nilikosa. Nimeona mvua ya pande zote za ziwa kwenye tableti ya Précieuse. Ziwa limepanda kwa mvua, na mvua imebadilika kweli. Lakini wakubwa msifurahi. Mdomo wa Lukuga bado umeziba, na huo haukuzibwa na mawingu."

Jean-Luc alicheka mpaka akasogea mbali na maikrofoni. Simu zilianza kuwaka zote kwa pamoja: Nyunzu, Moba, wavuvi walioko majini, mwalimu mmoja wa Manono aliyetaka kuzungumzia lithiamu. Mama Léonie akamwambia mwalimu asikate, ana maswali matatu ya kumuuliza. Siku hiyo habari za Kifaransa za saa saba zilichelewa dakika ishirini, na hakuna aliyelalamika.