Bomba la Moshi la Chumba cha Kufulia

Pasi sita, kichwa juu. Hivyo ndivyo Shangazi alivyonyoosha mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na saba: anapitisha pasi mara sita, anainua kichwa, anatupa jicho dirishani kwenye kile kisiwa kidogo ng'ambo ya maji, kisha anainama tena. Hata nyumbani, akichambua mchele, mpwa wake alimwona akihesabu kimoyomoyo na kuinua kichwa, ingawa mbele yake palikuwa na ukuta mtupu.

"Unatazama nini, Shangazi?"

"Naangalia kama dunia bado ipo."

Magoti ndiyo yaliyomtia baharini. Alipotimiza miaka hamsini na moja, daktari alimshauri aogelee ayapumzishe. Akaingia majini, na tangu hapo kumtoa ikawa kazi. Haukupita muda akajiandikisha kwenye mashindano ya kila mwaka: kutoka kile kisiwa kidogo hadi ufukwe wa mjini, kilomita nne, kwa saa mbili na nusu. Muda ukiisha, mashua hupita ikawazoa waliobaki. Ilimzoa mwaka huo. Ikamzoa na mwaka uliofuata, akiwa anaelekea upande ambao hakuna mwogeleaji aliyewahi kuelekea.

Chumba cha kufulia kikapata la kusema.

"Jamani, samaki wetu kavuliwa tena!" alipaza sauti mwenzake wa mashine ya kufulia. "Safari hii wamekupima kilo ngapi, shoga?"

"Cheka tu," Shangazi alisema, pasi ikienda. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nimeyavulia mbele ya mji mzima. Nataka nifike kwa miguu yangu, nisishushwe kwenye mashua kama gunia. Mara moja tu. Halafu mnicheke mpaka nistaafu."

Tatizo lilikuwa macho. Hema la kumalizia lilikuwa la rangi ya chungwa, na kofia za waogeleaji nazo za chungwa. Kila kofia iliyompita alidhani ni hema, akaifuata. Basi siku moja, kwenye pasi ya sita, mkono wake ulisimama. Kama dirisha hili linakiona kisiwa, kisiwa nacho si kinaliona jengo hili? Na jengo lina bomba la moshi, refu, jeusi, na hema husimikwa ufukweni chini yake kabisa.

Mwaka wa tatu mpwa wake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemsindikiza kwa mtumbwi wa plastiki, filimbi shingoni. Akimgusa mwogeleaji wake, mwogeleaji ametolewa. Akiona amelemewa au amepotea, apulize, mashua ije.

Saa nzima mambo yalikwenda shwari. Kisha mpwa akaona kundi lote, likiongozwa na kijana bingwa waliyemwita Papa, limekata kushoto kuelekea hema la chungwa. Shangazi peke yake alikuwa amenyooka kulia. Yaleyale ya mwaka jana! Akaitia filimbi mdomoni, akaitoa. Akapiga kasia, akamkingamia mbele.

"Shangazi, umepotea! Wenzako wako kule!"

Mikono ilizunguka mara sita, kichwa kikainuka. "Sogea, mwanangu! Unaniziba!"

"Lakini hema…"

"Sogea, nakwambia!"

Akasogea. Filimbi ilibaki shingoni, naye akamfuata kwa nyuma.

Kule kushoto, Papa alitoka majini mikono juu, akapokelewa na msichana mwenye tabasamu pana. "Karibu kaka, tukusajilie laini?" Hema lilikuwa la wauza laini za simu, limesimikwa asubuhi hiyohiyo. Na kwa sheria za mashindano, aliyekanyaga mchanga mahali pengine amejitoa mwenyewe. Wachache tu ndio walioshtuka mapema wakageuka.

Shangazi alikanyaga mchanga chini ya bomba dakika nne kabla ya muda kuisha. Magoti yalimcheza, lakini alitembea mwenyewe mpaka hemani. Waliomaliza siku ile walikuwa tisa, naye alikuwa wa tisa.

"Wa mwisho!" alipiga kelele mwenzake wa mashine, akimfunika shuka la hospitali mabegani huku machozi yakimtiririka.

"Wa tisa," Shangazi alimsahihisha. Akaliangalia shuka. "Na hili kalinyoosha nani? Lote makunyanzi."

Aliogelea miaka saba zaidi, na mashua ikakoma kumsumbua. Alipougua alilazwa ghorofa ya juu ya hospitali ileile, kitanda cha dirishani, akawa anawakosoa manesi kuhusu mashuka. Alasiri moja mpwa wake alikuwa amemwinamia, akimrekebishia mto. Shangazi alikuwa akivuta pumzi polepole, kama mtu anayehesabu. Kwenye ya sita akainua kichwa kidogo, na mpwa, akidhani anahitaji kitu, akazidi kuinama.

"Sogea, mwanangu," Shangazi alisema. "Unaniziba."