Hila, neno la mama yangu

Siku hizi hapa Uvira ukisema hila, vijana wanakutazama tu. Wao wanasema mayele, yaani akili za ujanja, na mimi nilipenda kusifiwa mayele yangu. Shule niliacha mwaka wa tatu wa primeri, lakini nyumba yangu ya Nyamianda ina vigae hadi jikoni, na yote imetoka kwenye kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu. Nyumbani kwangu ni mama peke yake anayesema hila bado, na alikuwa akisema huku ananitazama.

Sababu aliijua. Ndagala za kupeleka sokoni Kamanyola nilizianika chini, juu ya mchanga wenyewe, ili mchanga ushike na gunia liwe zito. Mdomoni mwa gunia niliweka zilizokaukia kwenye waya, safi, zinang'aa. Nyumbani tulikula za waya.

Mwaka jana watu wa Makobola walikuja kumwombea kijana wao binti yangu. Walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Ndagala za waya hazikutosha. Mke wangu akakimbia depo, ghala langu, akachota gunia la Kamanyola hadi katikati, akaziosha haraka haraka. Mimi niko sebuleni najisifu: ndagala kama zangu hamtaziona pwani yote hii. Nawaambia hivyo watu waliozaliwa kwenye nyavu.

Bukari, ugali wetu, ikaja na ndagala. Wakala. Nikasikia meno.

Hakuna aliyetema. Baba wa kijana alitafuna taratibu, macho kwenye sahani. Binti yangu alikuwa mlangoni na jagi la maji. Ndipo dada mdogo wa kijana akamuuliza mama yangu, aliyekaa karibu yake, "Koko, ndagala za huku ziko na mchanga?"

"Hapana, mujukuu. Hiyo iko hila."

"Hila ni nini?"

Nilimwomba kwa macho anyamaze. Hakunitazama.

"Muongo anakudanganya na kinywa," akasema. "Muntu wa hila yeye hasemi kitu. Anapanga tu. Kizuri anaweka juu, kibaya anaficha chini, unaenda kukikuta kwako, yeye iko mbali."

Siku ile sikuwa mbali. Nilikuwa kwenye kiti changu kikubwa, tonge mkononi.

Baba wa kijana akanawa. "Mukwe," akaniambia kwa upole, "binti tunamupenda, tutamuchukua. Lakini siku ya ndoa, ndagala tutaleta sisi."

Nikasema sawa. Walizileta kweli, wakizibeba kichwani mbele ya majirani, na binti yangu akaolewa kwa chakula cha wengine.

Sasa naanika zote kwenye waya. Wateja wapya wa Kamanyola wananisifu: papa, ndagala zako ziko safi, tangu juu mpaka chini. Mimi, mtu wa kupenda sifa, natazama miguu yangu. Hawajui kwamba zamani zilikuwa vingine, na mimi siwaambii. Mama akisikia, neno la kuita kimya hicho analo.