Upande wa Bangili

Tangu siku binti yao alipoleta ile simu mpya, Mama Pacha alikuwa na mke mwenza. Huyo mwenzake hakula, hakuoga, wala hakuhitaji godoro. Alikaa ndani ya sikio la Baba Pacha tu, na kazi yake ilikuwa kumwambia ageuke wapi.

"Mwenzio hajambo?" Msusi wa jirani alimuuliza kila asubuhi akifungua mlango wa saluni yake.

"Mwenzangu nani?"

"Yule wa sikioni. Nasikia ana sauti nyororo, ya kubembeleza."

"Nyororo kitu gani! Hata meno hana."

Msusi akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Pacha naye akacheka, ila kicheko chake hakikufika machoni.

Baba Pacha alikuwa fundi cherehani. Si fundi wa kushona, la, fundi wa kuzitengeneza cherehani zenyewe zinapogoma. Wateja wake walikuwa katika miji ya mbali, mafundi nguo wa vibarazani na karakana za sare za shule, na aliwaendea kwa pikipiki nyekundu ambayo wekundu wake ulikuwa umebaki chini ya kiti tu, kusikopigwa na jua. Kwa cherehani alikuwa na mkono mwepesi. Aliitegea sikio, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akasema, "Bobini hiyo," na kweli ikawa bobini. Lakini suala la njia, hapo Mungu alimnyima. Alikuwa mtu wa kutoka bafuni na taulo kiunoni akaingia chumba cha mpangaji.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo mkewe peke yake ndiye aliyelijua. Baba Pacha hakujua kulia na kushoto. Maneno aliyajua, mikono pia alikuwa nayo yote miwili, ila neno gani ni la mkono upi, hapo ndipo alipokwama, na alikuwa na aibu nalo kama mtu mwenye kidonda kilichofichwa na nguo.

Mama Pacha aligundua siku za mwanzo kabisa za ndoa, walipokuwa wakienda kusalimia wazazi wakaishia uwanja wa mpira. Akajaribu kumfundisha. Alimfunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono, akawa anautazama uzi badala ya barabara, nusura waingie mtaroni. Akamwambia, "Kushoto ni mkono wa klachi." Basi kila akisikia kushoto anabana klachi, pikipiki inalia njia panda kama mbuzi, na magari nyuma yanapiga honi. Mwisho wakaacha masomo. Mama Pacha akapanda kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo akawa ndiye njia.

Maana kwenye upepo huwezi kusema, na ndani ya kofia ngumu huwezi kusikia. Mama Pacha alisema kwa mikono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bangili nzito ya shaba, aliyorithi kwa shangazi yake. Akigonga kwa bangili begani, ko, Baba Pacha anakata huko. Akigonga kwa mkono mtupu bega la pili, anakata huko. Mabega yote mawili, simama. Viganja viwili katikati ya mgongo, songa mbele mume wangu, twende. Hata bangili ilipobanwa na mlango wa chuma ikakatika vipande viwili, akavitupa, waliendelea vile vile. Bega lilikwisha kuzoea. Watoto pacha walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, na wao wawili bado barabarani, yeye na mafuta ya cherehani, mkewe na chupa ya chai katikati ya magoti.

Kisha ikaja simu.

"Baba, hii ina GPS," binti yao alisema. "Unaandika unakokwenda, inakuongoza mpaka mlangoni. Mama naye apumzike, mgongo wake si unamsumbua?"

Mama Pacha alikuwa uani anaanika nguo. Kupitia dirishani alisikia sauti ya mwanamke asiyemjua ikisema jambo, na mumewe akicheka kwa mshangao. Hakuingia ndani kusikiliza. Alianika shati moja mara tatu.

Hakuwa na hofu kubwa wakati ule. Alijua anachokijua. Huyo bibi atasema "kushoto," mumewe ataenda kulia, atapotelea huko na masanduku yake ya skrubu, kisha atapiga simu, "Mama Pacha, hivi niko wapi?" Siku ya safari ya kwanza alibandika chai mapema, akakaa karibu na simu yake, akasubiri kupigiwa.

Haikulia. Jioni pikipiki ikaingia, Baba Pacha akashuka mzima, bila vumbi la kupotea.

"Umefika?"

"Nimefika, nimerudi. Hata sikuuliza mtu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mama."

Safari ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Na hapo wivu ukampanda Mama Pacha, wivu wa kweli, ule wa kukaa kooni kama mfupa. Siyo ile sauti iliyomuuma, maana wanawake wenye sauti nzuri wamejaa duniani. Kilichomuuma ni hiki: yeye alifunga uzi, alitaja klachi, aliapiza, ujana wake wote, na mtu huyu hakujua kulia na kushoto. Leo kaja mwingine, asiye na mkono wala bega, kamfundisha kwa safari moja. Basi mwanafunzi hakuwa mzito. Mwalimu ndiye hakutakiwa.

Akaanza kuona mambo. Aliona jinsi simu ilivyolala kwenye stuli ya kitanda, upande wake yeye, ikinywa umeme. Mvua ilipotaka kunyesha, Baba Pacha aliivalisha mfuko wa nailoni, akaufunga kwa mpira, akaiweka mfuko wa kifuani kwenye koti, isitikiswe na barabara. Yeye aliyeloa kiti cha nyuma miaka nenda rudi hakuwahi kununuliwa hata koti la mvua. Na asubuhi akiwasha pikipiki uani, waya umechomekwa sikioni chini ya kofia, alimsikia akiitikia kwa adabu, "Nimesikia, nimesikia." Nyumbani mtu huyu ukimwita mara nne ndipo anaguna.

"Kijicho hicho kitakukondesha," Msusi alimwambia.

"Namwonea kijicho kisanduku?"

"Basi mbona umenuna?"

Kisha, wakati wa chakula, Baba Pacha akasema, bila kunyanyua macho, kwamba amemwagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee kasha la bati. Litafungwa kiti cha nyuma, litabeba vifaa vyote, hata vichwa vya cherehani vya kuja kutengenezea nyumbani. "Na wewe upumzike, Mama Pacha. Mgongo ule."

"Mgongo wangu umekutuma?"

"Ulilalamika mwenyewe, ile barabara ya mashimo."

"Nililalamikia mashimo. Kiti sikukitaja."

Baba Pacha akatafuna polepole. Mama Pacha akatazama sahani yake mpaka chakula kikapoa. Halafu akasema, "Kabla hilo kasha halijafungwa, safari moja twende wote. Sitagusa kitu. Nataka nimwone anavyokufanyia."

Walitoka alfajiri. Mama Pacha alikaa kiti cha nyuma amefumbata mikono kama mgeni kwenye sebule ya watu, akashika chuma cha nyuma tu pale penye matuta. Njia panda ya kwanza ikaja, ile ya kituo cha mafuta, na vidole vyake vikawasha. Akavikalia. Baba Pacha akapunguza mwendo, akakata kushoto, sawasawa kabisa. Njia panda ya pili, kulia, sawasawa. Kwenye mzunguko wenye barabara tano, ambao zamani walikuwa wakiuzunguka kama nzi kwenye kikombe, alitoka panapotakiwa, mara moja. Mama Pacha alitazama nyuma ya kofia ile na machozi yakamtoka, akayasingizia upepo.

Lakini jicho la mwenye wivu halilali, na lake likaanza kuona kitu. Kila kabla ya kukata kona, Baba Pacha alinyanyua bega lake moja, kama mtu anayejikuna sikio kwa bega. Bega hilo hilo siku zote, hata kona iwe ya wapi. Linapanda, linashuka, kisha anakata. Kona nyingine, linapanda, linashuka, anakata. Mdudu? Maumivu? Walipofika kwenye tuta akajifanya anajishikilia, akaweka kiganja pale begani. Chini ya kitambaa palikuwa na kitu kigumu, kimepinda.

Akaurudisha mkono, akangoja mpaka walipofika. Mteja alikuwa mama mshonaji mwenye cherehani tatu kwenye kibaraza, moja imekataa kuvuta uzi. Baba Pacha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akainama na bisibisi. Mama Pacha akalichukua koti akaketi nalo kwenye benchi. Ndani ya bega la kushoto, chini ya bitana, palikuwa pameshonwa mfuko mdogo, kwa ule mshono wa mumewe wa karibu karibu anaoufanya akijaribu mashine iliyopona. Akatia kidole. Akatoa nusu ya bangili ya shaba.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Hii niliitupa."

Bisibisi ikasimama. Baba Pacha akamtazama mshonaji, lakini mama yule alikuwa amezama kwenye kupima suruali ya mtu. Akaja akaketi benchi, akasema chini chini, "Niliiokota siku ile ile. Ilikuwa kwenye kopo la skrubu."

"Na begani inafanya nini?"

"Sasa mimi nifanyeje? Yule anasema 'geuka kushoto.' Anasema tu. Kushoto ni wapi, hasemi. Basi nanyanyua bega natafuta bangili. Nikiigusa na shingo, najua hapa ndipo Mama Pacha alikuwa anagonga ko. Hapo ndipo kushoto."

"Na akisema kulia?"

"Natafuta bangili vile vile. Kulia ni kule usikokuwepo."

Mama Pacha akaishika ile shaba. Ilikuwa ya moto kwa jua na kwa mwili wa mtu. Alitaka kufurahi, na alifurahi, lakini wivu ni mgeni asiyeondoka kwa kuagwa mara moja.

"Kwa hiyo hajakufundisha kitu."

"Nani? Yule? Hata hajui kama nina mabega."

"Ila mimi unanibeba begani, kiti unakipa bati."

Baba Pacha akajikuna kichwa. "Mgongo wako, mama..."

"Mgongo ni wangu, nitaukanda mwenyewe. Kasha likija litakaa jikoni nitie mkaa."

"Fundi ameshalikata."

"Basi mkaa wetu utakaa kifahari."

Akakirudisha kile kipande mahali pake, akamlazimisha mama mshonaji ampe sindano, akauziba mfuko ule kwa mkono wake, mishono mipana isiyo na adabu, ili ajulikane aliyeshona.

Wakati wa kurudi, kabla hajapanda, akanyoosha mkono. "Nipe sikio moja."

"La nini?"

"Lete."

Waya ulikuwa na ncha mbili. Moja ikabaki chini ya kofia ya Baba Pacha, ya pili ikapita shingoni ikaingia sikio la mkewe, wakawa wameunganishwa kama ndama na mama yake. Walipotembea kidogo, mke mwenza akasema. Mama Pacha alishusha pumzi. Sauti yenyewe haikuwa nyororo hata kidogo. Ilikuwa kama ya karani anayeita majina ya watu kwenye foleni, mwenye njaa, anayesubiri saa ya kutoka.

"Ndiye huyu?" akapiga kelele. Upepo ukayachukua maneno.

Njia panda ikakaribia. "Baada ya mita mia mbili," karani akasema, "geuka kushoto." Mama Pacha akamwacha amalize, maana hata mwenzio ana haki ya kumaliza lake. Kisha, kabla bega halijanyanyuka, akagonga pale penye shaba, ko, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

"Nimesikia, nimesikia!" Baba Pacha akaitikia, akakata kona.

Mama Pacha hakuwa na hakika ameitikiwa nani kati yao wawili. Kwa hiyo akagonga tena.