Laptop iliyoshonewa mto

Laptop ikianza kuchemka baada ya kupigwa Windows upya, yaani kuwekewa mfumo mpya, wengi hulaumu Windows. Leo asubuhi, hapa Ngara ninapofundisha na kutengeneza kompyuta, nami nililaumu.

Mama Jeanine, mkimbizi kutoka Burundi, huandika kwenye laptop yake majina ya watu waliopotezana na ndugu zao njiani. Nilimpigia Windows juzi. Leo amerudi.

"Shikamoo mwalimu. Inazima kabla sijahifadhi. Majina ya watu yanapotea."

Nikapiga Windows tena. Saa mbili nzima. Mezani kwangu ikatulia, baridi kabisa.

Mama akafungua mkoba, akatoa mto wa sponji uliodariziwa maua, akailaza laptop juu yake taratibu.

"Mto wa nini, mama?"

"Si juzi ulisema ni mgonjwa? Nikaishonea. Mgonjwa halali kwenye mbao."

Nikaigeuza. Matundu ya kutolea joto yapo chini, na sponji ilikuwa imeyaziba yote.

Nilimweleza kwa kirefu. Zile saa mbili sikuzitaja.

Ameandika majina kumi na moja, yamehifadhiwa yote. Mto ameniachia.

"Kaa nao, mwalimu. Nawe umechoka."

Leo hii, iweke laptop yako juu ya meza tupu.