Vichwa Viwili vya Chui

Wiki iliyopita, katika duka moja huko Nyamisangura, niliona picha ya mzee na mbwa wake, nikamkumbuka bibi.

Kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa, bibi alipigwa picha akiwa na mbwa wake, Chui, mlangoni kwake palipokuwa pakinuka moshi na samadi. Picha ilipofika, bibi alikuwa ameshafariki, nasi tumeshahama. Mle pichani Chui alikuwa na vichwa viwili: kimoja kikitutazama, kingine kikimtazama bibi. Niliamini hicho cha pili kilikiona kifo. Sasa najua aligeuza kichwa tu wakati picha inapigwa.

Alasiri ya siku ile picha ilipofika, Chui alitoroka. Tulimkuta kwenye mahame yetu, nyumba imeshabomolewa, akitikisa mkia, macho ameyainua hewani, kwenye kimo cha uso wa bibi.

“Msimwite,” mama alisema kwa sauti ndogo. “Bado wanazungumza.”