Makoti ya Mferejini

Nakumbuka asubuhi moja ya majira ya mvua, mwanangu, lori la komini, serikali ya mtaa wetu, liliposimama mbele ya meza zetu za mitumba. Dereva hakuzima injini, nasi tukajua limekuja kubeba.

Kesho wewe nawe utapanda lori kama lile. Umeniambia wakubwa wako wa komini wamekutuma kuwaondoa wauza nguo sokoni, na mimi nashukuru Mungu kwamba mjukuu wangu ana kazi. Lakini kunywa chai kwanza. Haraka haraka haina baraka, na soko halina miguu.

Nilikuwa mjane kijana, mama yako bado namfunga mgongoni. Balo moja, yaani robota moja la nguo, ndilo lililotulisha. Likipanda lori, tunalala njaa. Na kusema kweli komini ilikuwa na sababu. Siku iliyotangulia maji yalikuwa yameingia hadi kwenye maduka, maana mfereji wa soko uliziba, na ulizibwa na nguo zetu. Kila balo lilikuja na makoti mazito ya nchi za baridi, na katika joto lile nani angeyanunua? Nyumbani tulikuwa na chumba kimoja. Basi tuliyasukuma mferejini pamoja na matambara, sote, tukijifanya hatuonani.

Burugumestre, ndiye mkuu wa komini, akashuka. Tulingoja matusi. Yeye akakunja suruali yake nzuri, akaingia majini, akavuta koti moja jeusi, akalikamua na kuligeuza ndani nje. Kisha akamwuliza Mama Zaina, mkubwa wetu pale sokoni, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Maniema.

"Mama, hii koti iko mubovu?"

"Hapana, Papa. Iko muzima. Lakini na hii joto nani atavaa? Na mu nyumba hatuna na fasi ya kuchunga."

Akalikunja lile koti mkononi, maji yakimpita magotini.

"Basi, mulikosa," akasema. "Na miye vilevile nilikosa. Ninakamata takse yenu kila siku, na sikuwapatia ata fasi ya kuchunga bilamba." Yaani alitutoza kodi bila kutupa mahali pa kuweka nguo.

Nilikuwa sijawahi kumsikia mkubwa akisema hivyo, na nimemsikia mara chache tangu hapo. Lori likabeba mabalo yetu kweli, lakini likayashusha nyuma ya soko, katika banda la komini lililokaa tupu miaka mingi. Akatuwekea bomba la maji, na meza za washonaji mlangoni. Sisi tukaapa mbele yake kwamba hakuna atakayetupa hata soksi mferejini.

Makoti yakangoja. Baridi ya mwezi wa sita ilipofika, wavuvi wa ziwa la Tshangalele na walinzi wa usiku wakaja kuyatafuta wenyewe. Matambara yakachukuliwa na mafundi wa magari kufutia mafuta. Wafanyakazi wa kiwanda cha Shituru, ambao asidi ilikuwa ikiwatoboa suruali, wakaja kutiwa viraka vya jinzi kuukuu. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu; sisi tulikuwa na mikono, komini ilikuwa na banda. Mama yako alisomeshwa kwa nguo zile. Namshukuru burugumestre yule kila nikimwona mtu amevaa vizuri.

Kwa hiyo nakuusia. Kabla hujamfukuza muuza mitumba, mwulize anakosa nini. Kama anatupa, tazama kama umempa pa kuweka. Waambie wakubwa wako banda lile, ambalo siku hizi limefungwa na linavuja, lifunguliwe tena, paa lake lizibwe, na washonaji warudishwe mlangoni, halafu ndipo mdai mfereji safi. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mji nao usiwatupe watu wake kwa sababu ya uchafu ambao ungeweza kuzolewa. Wakikucheka kwamba umetumwa na bibi yako, kubali, ni kweli.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya mkono wa kubeba. Akupe kiti, na akunyime kiburi cha kiti. Na hili koti jeusi lichukue, asubuhi za mwezi wa sita ni kali. Lilivutwa mferejini na mkono wa burugumestre, na baridi ilipofika, likiwa limefuliwa na kukauka, yeye mwenyewe akanivika begani, mama yako akiwa mgongoni, akilia kwa baridi.