Simu Kumi na Tatu Nyuma ya Mlango wa Kufuli

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili ya ofisi moja ya serikali mjini Muscat, Shaikha anampa mwandishi spika za masikioni na kumwambia asiseme kitu, asikilize tu.

Ni rekodi ya simu. Mwanamke anasema, kwa Kiarabu cha watu wa mlimani, kwamba yeye ni Hind, mchele umefika na mafuta yamefika. Anaulizwa leo amepika nini. Anajibu kwamba bado hajapika, kisha anakohoa mara mbili.

Rekodi ya pili ni ya Shatha. Mchele umefika, mafuta yamefika, bado hajapika. Anakohoa mara mbili. Ya tatu anapokea mama yake Loay, kwa kuwa Loay mwenyewe ametoka kidogo. Naye hajapika, na kikohozi ni kile kile.

"Watu watatu, nyumba tatu," anasema Shaikha. "Siku n'lipozisikiliza pamoja, mwili ulinisisimka. Nikavua hizi spika, nikenda zangu kunywa maji."

Shaikha ana miaka hamsini na moja. Wazazi wake walitoka Unguja, yeye akazaliwa hapa hapa Muscat. Anaishi Al Amerat na mumewe, Thabit, na kila asubuhi huvuka mlima kwa gari kuja kazini. Mshahara wake ni rial mia sita na themanini, na karibu theluthi yake huliwa na mkopo wa nyumba.

Kazi yake ni uhakiki. Serikali hutoa fedha za chakula kwa vijiji vya mbali vya milima ya kaskazini, kwa wenyeji wa asili wa huko, na Muscat inataka kujua kama chakula kimefika. Kwa kuwa serikali haina jicho la kuchungulia sufuria ya mtu, imemuajiri Shaikha apige simu.

Yeye ana mbinu yake. Haulizi tu kama mtu amepokea, maana kila mtu husema ndiyo. Huuliza kimepikwa nini. "Mwenye mchele atakwambia wali. Akikwambia mkate siku zote, nnajua kuna jambo," anasema.

Kijiji hiki, ambacho kwa ombi lake hatukitaji jina, kina nyumba kumi na tatu kwenye orodha. Kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa nane hakuna nyumba hata moja iliyopika. Walikuwa wakipokea chakula, wakishukuru, na hawali.

Shaikha akampelekea habari mkuu wake, Hatem, Muomani mwenzake ambaye ukoo wake ulitoka Kigoma. Hatem ni mtu wa haki lakini ni mtu wa fomu. Kanuni inasema simu ipokewe kijijini, na mtambo huonyesha imepokewa chini ya mnara gani. Nyumba isiyopatikana mara tatu hufutwa. Miaka miwili nyuma nyumba mbili za kijiji hicho zilifutwa hivyo hivyo.

Hatem alimtaka aende akaone kwa macho yake, arudi na jibu kabla ya Alhamisi. Kama kijiji ni hewa, nyumba zote kumi na tatu zinatoka.

Alipanda ndege, kisha gari la Ghassan, dereva anayepeleka magunia huko. Njiani Ghassan alimwambia jambo ambalo halikumtuliza hata kidogo. Alisema tangu joto lianze hajaona mtu pale. Hushusha magunia kwenye baraza ya msikiti na kuondoka. Akirudi mwezi unaofuata, hukuta magunia matupu yamekunjwa vizuri na kubanwa kwa jiwe.

"Nikamuuliza, sasa nani anayakunja? Akanambia hajapata kuuliza," anasema Shaikha. "Na mimi nikaona bora nisimuulize tena."

Kijijini walikuta jua na mawe. Nyumba za huko zimezama nusu ardhini, kuta nene, milango mifupi ya kumlazimu mtu kuinama. Kila mlango ulikuwa na kufuli lake kubwa la chuma. Hapakuwa na nguo kwenye kamba wala nyayo mchangani.

Shaikha alisimama katikati ya nyumba zile, akatoa simu yake na kupiga namba ya Hind.

Ikaita. Iliita sikioni mwake, na iliita vilevile nyuma ya mlango uliokuwa kushoto kwake, hatua sita. Kisha ikapokewa.

"Sauti ikanambia, mimi Hind. N'liisikia mara mbili. Mara moja simuni, mara moja kwenye mlango." Anapoeleza anajishika mkono, na vinyweleo vimemsimama. Khofu ile haijamtoka, naye haoni haya kusema.

Ghassan alikuwa ameshaingia ndani ya gari. Shaikha alisoma dua anazozijua, akaenda mlangoni. Kufuli lilikuwa limening'inizwa tu, halikubanwa. Akasukuma.

Ndani kulikuwa na baridi na giza la ghala. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye mkeka, simu bado iko sikioni. Mbele yake, juu ya kifuniko cha mtungi mkubwa, zilipangwa simu nyingine kumi na mbili. Kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake, kwa sababu bibi hajui kusoma, na waya wa paneli ya sola ulipita tundu la ukutani.

Bibi hakushtuka. Alimkaribisha kahawa.

Hapo ndipo Shaikha alipoelezwa jambo ambalo kila mtu wa mlimani analijua na ofisini hapakuwa na aliyelijua. Joto likizidi, maji yakikauka, kijiji chote huteremka pwani kuvuna tende na kuvua, kama walivyofanya babu zao. Chakula hukiacha ndani ya mitungi mikubwa kuliko mlango, mitungi iliyowekwa kwanza ndipo kuta zikajengwa kuizunguka. Nyumba hufungwa. Mwezi wa kumi hurudi, na kile walichofungia ndicho huwavusha mpaka mvua.

Baada ya zile nyumba mbili kufutwa, waliobaki waliamua kuziacha simu juu, chini ya mnara wao, kwa bibi mwenye funguo. Yeye ndiye aliyekuwa Hind na Shatha na mama yake Loay. Ndiye aliyebeba mchele kutoka msikitini, kibaba kwa kibaba, maana gunia haliwezi, akaumimina kila nyumba kwenye mtungi wake.

"Hakuiba hata punje," anasema Shaikha. "Nimefungua mitungi kumi na tatu, nimepima. Chakula chote kipo."

Alirudi Muscat na kuandika ukweli wote kurasa nne. Hatem alisoma, akavua miwani. "Dada Shaikha, asiyekuwepo na lake halipo," alimwambia. Shaikha akamjibu kwamba hawa hawapo na lao lipo, tena limefungiwa kufuli.

Kamati iliamua nusu. Nyumba hazitafutwa mpaka watu warudi na kuhesabiwa mwezi wa kumi. Lakini bibi akakatazwa kupokea simu za wengine. Kanuni ya kupiga haikubadilishwa, hivyo Shaikha aliendelea kupiga na simu ziliendelea kuita ndani ya mawe. Bibi alitii amri.

Usiku Shaikha hakuwa akilala vizuri. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Alikaa na bibi yule mchana kutwa, akanywa kahawa yake, na hakumuuliza jina. Halikuwemo kwenye orodha. Mtu pekee aliyebaki kijijini hakuwa akipewa chakula, kwa kuwa hakuwa na simu yake.

Jumatatu iliyopita, simu ya saba ilipokewa. Ikasikika pumzi tu.

"Nikasema, Mama, si umekatazwa? Akanambia amechoka kusikia zinaita. Nikamuuliza, nnaongea na nani? Akakohoa mara mbili. Kisha akanambia, mimi Buthaina."

Shaikha amenunua simu ndogo, na fomu ya nyumba ya kumi na nne iko kwenye mkoba wake. Atapanda mlima wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi. Kanuni inamtaka apige mara tatu kwa mwezi. Yeye sasa anapiga kila siku.

"Zamani n'kipiga nijue kama chakula kimefika," anasema. "Sasa nnapiga nijue kama yuko hai."